Ndimi za Sefu ya Abdi

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali hapa Garissa, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu juzi uliniuliza swali. Ulikuwa unapangusa ile sefu ya dukani, ukasema, "Ayeeyo, bibi yangu, mbona mlango wake ni mzima na ndimi zake zimelika hivi?" Ndimi ni vile vyuma vinavyotoka ubavuni mwa mlango ukizungusha ufunguo. Nilikwambia nitakujibu siku yenye nafasi. Kwa kuwa unaolewa mwezi ujao, naona nafasi ndiyo hii.

Wakati huo nilikuwa sijamaliza mwaka katika ndoa. Mume wangu Abdi, babu yako, alikuwa na duka dogo la nguo sokoni na mipango mikubwa kuliko duka. Akasikia kuna ofisi imefungwa huko Ijara na vitu vyake vinauzwa. Akarudi na sefu kuukuu juu ya lori la mbuzi, imeliwa na kutu, inanuka kama abiria wenzake. Wanaume wa sokoni waliishusha kwa kamba na makelele mengi. Nilimwambia Abdi ameleta mke wa pili, tena mnene kunizidi. Hakucheka.

Tuliitengenezea barazani, mbele ya duka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuiingiza ndani. Mimi nilipiga msasa mpaka mikono ikawa myekundu kwa kutu. Kufuli lilikuwa kazi ya Mutua, fundi aliyetoka Mwingi akakaa Garissa hadi akajua salamu zetu zote na kuzijibu vizuri kuliko vijana wa leo. Alilifungua, akaliosha kwa mafuta ya taa, akabadilisha springi, akachonga ufunguo mpya. Abdi akachukua brashi na rangi ya kijani. Alipaka kila mahali. Alipaka hata ndimi, akisema anataka zing'ae.

Mama yake alikuwa amefika kutoka Kotile, nasi tulimwita Hooyo, yaani mama. Alikuwa mjane. Alikuwa ameuza karibu ng'ombe wake wote ili aende hija, na kesho yake alfajiri alikuwa apande basi la Nairobi kuungana na mahujaji wenzake. Pasipoti yake yenye viza alikuwa ameifunga kwenye kitambaa kiunoni, na hata akilala haikutoka hapo. Abdi akamwomba aitoe. Alitaka kitu cha kwanza kuingia kwenye sefu yake kiwe pasipoti ya mama yake, na soko zima lione. Hooyo alimtazama kidogo, kisha akafungua kitambaa.

Mutua alikuwa anakwenda kula. "Boss, usifunge kwanza," alisema. "Jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi. Zungusha mara nyingi, uone ndimi zinaenda na kurudi. Zikikwama mlango ukiwa wazi, hiyo ni kazi yangu. Zikikwama ukiwa umefungwa, hiyo ni shida yako."

"Fundi, wacha maneno mingi," Abdi akamjibu. "Hii kitu iko sawa."

Akaweka pasipoti ndani na rangi bado mbichi vidoleni. Akaubamiza mlango, akazungusha ufunguo, watu wakapiga makofi. Kisha akageuza ufunguo kuonyesha unavyofungua. Mkono wa sefu ulisogea kidogo, ukasimama. Akauvuta. Akaning'inia juu yake. Makofi yakaisha, na wale waliokuwa na shughuli zao wakazikumbuka, lakini wengi walibaki kutazama.

Mutua aliitwa akaja na chapati mkononi. Akasema ndimi zimegandana na rangi, na juu ya hayo mlango umepigwa na jua mchana kutwa ukavimba ndani ya fremu yake. Mtu mmoja akataka aitwe mchomeleaji aje na gesi. Mutua akatikisa kichwa. Gesi ingefungua, ndiyo, lakini ndani kungebaki majivu. Hapo ndipo Hooyo alipoelewa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na herufi ya "p" ilimshinda kama inavyowashinda wengi wetu. "Fundi," alisema, "bole bole. Basiboti yangu iko ndani."

Mutua alimwambia kuna njia moja bila moto. Mlango ufunikwe magunia yaliyoloweshwa maji, upoe mpaka alfajiri, naye atie mafuta kwenye upenyo na kuugongagonga kwa nyundo ya mti. Hakuahidi kitu. Alisema huenda ukafunguka kabla ya basi, huenda usifunguke.

Mwanangu, hapo nilishindwa kunyamaza. Nilimwona yule mama amekaa juu ya kibao, mkono wake ukitafuta kitambaa kiunoni na kukikuta kitupu, na hasira ikanipanda. Nikamwambia Abdi mbele ya watu kwamba amefungia hija ya mama yake kwenye chuma kwa ajili ya makofi. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini mwanamume mwenye aibu mbele ya soko hatafuti ukweli. Akanigeukia. Uso wake sikuujua.

"Nyote mko hapa," alisema, "basi muwe mashahidi. Huyu mwanamke, kuanzia leo nime..."

Unajua alikokuwa anakwenda. Kwetu neno la talaka likishatamkwa mbele ya watu, limetamkwa.

"Abdi," mama yake alisema. Hakuinuka, wala hakupaza sauti. Alisema kwa Kisomali, nami nakutafsiria. "Fundi alikwambia nini?"

Abdi akaitazama sefu.

"Alikwambia ujaribu mlango ukiwa wazi. Umeshafunga mmoja leo. Usifunge wa pili."

Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mama saa ile. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na yeye ndiye aliyepata nafasi ya kutufikiria sisi. Abdi aliketi chini, pale pale vumbini. Baadaye akainuka akaenda kuchota maji ya kulowesha magunia, nami nikamfuata na ndoo nyingine. Tulibadilishana zamu ya kumwagia maji mpaka adhana ya alfajiri.

Baada ya sala Mutua alikuja. Akatia mafuta, akagonga pembeni taratibu, akagonga tena, akamwambia Abdi avute. Mkono ukashuka. Pasipoti ilikuwa pale, nzima, na juu ya jalada lake alama ya kidole gumba cha Abdi kwa rangi ya kijani. Hooyo aliibusu, akaifunga kiunoni, akapanda basi. Alituambia baadaye kwamba kila askari wa mpakani aliigusa alama ile akauliza ni nini, naye akajibu, "Ni mwanangu."

Sasa nakujibu swali lako. Tangu siku ile, babu yako akikasirika alikuwa akienda kwenye sefu, anafungua mlango wazi, na kuzungusha ufunguo. Ndimi zinatoka, zinarudi, zinatoka, zinarudi. Mimi nikisikia nilijua kuna neno analijaribu, nikamwacha. Wakati mwingine nilikwenda kuzungusha mimi, maana nami nina ulimi. Ndivyo zilivyolika. Tulizeeka pamoja mpaka nikamzika, Mungu amrehemu, na lile neno hakulimaliza.

Nasaha yangu ni hiyo tu, mwanangu. Neno lisilorudi, lijaribu kwanza mahali unapoweza kulirudisha. Ukiwa na hasira na mumeo, liseme peke yako jikoni, liseme tena kesho, uone kama bado linazunguka vizuri. Ninyi siku hizi mnagombana kwa simu, mnatuma sauti mbio mbio halafu mnalia mkitafuta namna ya kuifuta. Irekodi, uisikilize, usitume mpaka upoe. Na mwenzio akiaibika mbele ya watu, usimwongezee, hata kama una haki. Mimi nilikuwa na haki siku ile, na nusura inigharimu nyumba.

Sefu ni yako, uichukue uende nayo. Usiipake rangi ndimi. Mungu akupe nyumba yenye mlango mwepesi kufunguka, akupe mama mkwe kama wangu, na akujaalie wewe na mumeo mzizungushe ndimi hizo mpaka ziishe kabisa.