Ufa Uliopakwa Rangi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za usichana wangu, mwanangu, ilikuwa ya mavuno ya mbaazi, hapa hapa Endabash. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa kimenipeleka popote. Nilikuwa najifunza kuchomelea kwenye karakana ya Mzee Njiku, fundi aliyekuja huku kutoka Singida kama kibarua wa shamba, akabaki. Magari ya watalii yalitengenezwa Karatu mjini. Sisi tuliletewa plau zilizokatika, mageti ya mazizi na matrela, vyote vikiwa na matope na mavi ya ng'ombe.

Asubuhi hiyo Mzee Njiku alikwenda mjini kununua vijiti vya kuchomelea. Aliniachia agizo moja: nifanye mageti, lakini chochote kinachobeba watu kimsubiri yeye. Nililisikia na nikalielewa. Usije ukanitetea kwamba nilikuwa mtoto.

Akaja Mzee Tluway, mwenye shamba la ng'ambo ya korongo, amekokota trela lake kwa trekta. Mkono wa trela, yaani kile chuma kinacholiunganisha na trekta, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Nikamwambia fundi hayupo, asubiri. Akasema, "Binti, kama hujui sema tu, niende kwa wanaume."

Vijana wawili waliokuwa wanachaji simu pale wakacheka. Nikawaka. Hata sasa ninapoandika haya sijapoa sawasawa.

Ufa kwenye chuma kinene hauzibwi juu juu, mwanangu. Unauchimba kwa grinda, ile mashine ya kusaga chuma, mpaka unapoishia, ndipo unaujaza chuma kipya, tabaka kwa tabaka, halafu unaongeza bamba la kushikilia. Ni kazi ya nusu siku. Mimi nilipitisha mstari mmoja tu juu yake, kisha nikausawazisha kwa grinda mpaka ukalala sawa na chuma kingine, maana yake hata kile kidogo nilichoweka nilikiondoa. Nikapaka rangi ya fedha. Haikuchukua hata saa moja. Palipendeza. Mzee Tluway akapapitishia kidole, akasema kumbe wasichana nao wanaweza, na wale vijana wakanyamaza. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata.

Mzee Njiku alirudi saa nane, akakuta kopo la rangi liko wazi. Akauliza nimepaka nini. Nikamwambia.

"Ufa uliuchimba?"

"Niliuchomelea, Mzee."

"Sijakuuliza hilo."

"Sikuuchimba."

Akauliza trela litapandwa na nani. Nikajibu wachumaji, kama mtu anayesema mchanga au mawe. Akaniambia niwataje majina. Nikaanza: wa kwanza Mama Pendo, wa pili yule dada aliyekuja kibarua kutoka Dodoma. Wa tatu alikuwa mama yangu. Alikuwa ameniaga asubuhi kwamba anakwenda kuchuma kwa Mzee Tluway, na muda wote nilipoinama juu ya ule mkono sikumkumbuka hata mara moja.

Tulimpigia Mzee Tluway simu, haikupokelewa. Mtu akiwa juu ya trekta hasikii kitu. Tukapanda pikipiki ya fundi. Kutoka shamba lile kurudi kijijini lazima ushuke korongo, kisha upande mlima wa mawe upande wa pili. Tuliwakuta wamekwisha kupakia. Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa juu ya magunia, wamechoka. Mzee Njiku akazima pikipiki, akaniambia yeye hana la kusema pale, nitasema mimi.

"Shukeni," nikasema. "Nilichomelea juu juu. Ufa bado umo ndani."

Mzee Tluway akasema mbona panang'aa. Yule dada wa Dodoma akauliza kama nitawabeba mgongoni mmoja mmoja, maana miguu yake ilikwisha tangu saa sita. Wakacheka. Mama akaniuliza kwa Kiiraqw kama nina hakika. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba nina hakika, na kwamba nilijua hivyo tangu nilipokuwa nafanya. Kicheko kikakatika. Mama akashuka. Wenzake wakamfuata, kila mmoja na tusi lake.

Mzee Tluway alikataa kushusha magunia. Akaendesha mwenyewe. Aliteremka salama. Katikati ya mlima mkono ukakatika pale pale penye rangi. Trela likaanza kurudi nyuma, polepole kwanza, likagonga ukingo, likapinduka korongoni, na magunia yakabaki chini yake. Tulikuwa tumesimama ng'ambo tunaangalia. Trekta lilibaki mlimani na mzee juu ya kiti, hageuki.

Mzee Njiku hakunifukuza. Alisema tu, "Ungeshikilia kwamba asubiri, angekutukana akaenda zake. Matusi hayajapindua trela la mtu." Kesho yake akaazima jenereta, akanipeleka korongoni, nikauchimba ule mkono pale ulipokatika na kuuchomelea upya mbele ya wote waliotaka kuja kuangalia. Walikuja wengi.

Lakini kilichonibakia si hicho. Jioni ya ile ajali tulirudi kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Tulipokaribia nyumbani akasimama, akaniuliza, "Kama mimi nisingekuwemo, ungekuja?"

Nikampita, nikatangulia nyumbani. Ningependa kukuambia kwamba ningekuja. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliposema "wachumaji" moyo wangu haukushtuka. Ulishtuka nilipofika kwenye jina moja tu, la mama. Na Mama Pendo alikuwa na watoto. Yule dada wa Dodoma alimwacha mwanawe wa miaka miwili kwa jirani ili aje kuchuma. Sasa nimekuzaa wewe, naelewa maana ya kumwachia jirani mtoto, na hasira niliyo nayo juu ya yule msichana mwenye kopo la rangi haijapungua.

Kwa hiyo mwanangu, iwe utachomelea vyuma, utatibu watu au utaendesha gari, kabla hujasema kazi imekwisha wataje kwa majina watakaoitegemea. Usiyemjua, muulize jina. Kama bado hujui kazi, sema hujui, hata kama wanaokusikiliza ni watu wa kukucheka. Na ukikosea, kimbia ukaseme mwenyewe, usingoje kwanza kujua ni mama wa nani aliyepanda.

Mungu akupe mikono inayofanya kazi hata pale pasipoonekana. Akupe mdomo usioona aibu kukiri. Na kila atakayepanda juu ya kazi yako, wa kwetu na wa mbali, afike kwake akawakute wanawe.