Sindano za Mchina na Kibuyu cha Mkwe

“Mbele ya watu, Wilibrodi! Mbele ya watu umenipaka kinyesi usoni!”

Mzee Kasimiri aligonga fimbo sakafuni, na kuku aliyekuwa ameatamia chini ya kitanda akatoka mbio bila kuyaaga mayai yake. Mzee alikuwa ametoka Mwazye kwa miguu, tope limemfika magotini, lakini maji ya kunawa aliyakataa, kigoda alikikataa, na shikamoo ya mkwewe aliijibu kwa kukohoa.

“Mke wangu aliionja pombe ile kwanza,” alisema. “Aliionja ukimtazama, akameza, akakupa kibuyu kwa mikono miwili. Mkwe ndiye anayefungua kunywa, hata mtoto anajua. Wewe ukakishika, ukakichungulia kama unachungulia shimo la nyoka, ukampa jirani. Sasa niambie. Bertilla wangu anaua watu?”

“Sikusema hivyo, baba.”

“Hukusema! Ungesema ningekujibu. Ulinyamaza, na wote waliokuja kunisaidia shamba wameondoka na jibu lao. Jana mke wangu amekwenda kisimani, wanawake wakafunika ndoo zao. Wakafunika, unanisikia? Adela akirudi kutoka mtoni, afunge nguo zake. Binti yangu hawezi kulala kwa mtu anayemwita mama yake mchawi.”

Wilibrodi aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mipana, myeusi kwa udongo usiotoka hata kwa sabuni ya Pasaka. Ufipani majani ya shamba hayachomwi, yanazikwa. Mvua zikielekea kuisha watu huitana, wakageuza udongo juu ya majani mabichi, wakainua matuta ya mviringo kama migongo ya kobe, majani yaoze humo mpaka msimu wa ulezi, na jioni mwenye shamba huwatolea pombe. Kazi hiyo Wilibrodi aliijua kuliko jembe lenyewe. Walikuwapo walioapa kwamba asubuhi moja aliinua matuta ya shamba zima kabla umande haujakauka, akazika humo na mbuzi wa jirani bila kujua, na msimu uliofuata mbuzi akachipua kwenye tuta na wanawe wawili. Chochote alichokifukia kilizaa. Nyumbani kwake tu ndiko hakukuota kitu.

“Ndugu Kasimiri, shusha sauti,” alisema shangazi Hilaria, dada wa marehemu baba yake Wilibrodi. Alikuwa amejikunja pembeni ya moto, amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. “Serikali imetupanga mstari kama meno. Ukipiga chafya hapa, nyumba ya mwisho kule wanakwambia pole.”

“Na wasikie!”

“Wameshasikia. Wengine wamekuja na vigoda.”

Mzee hakucheka. Hilaria mwenyewe hakucheka. Alimgeukia mpwa wake, akamkodolea jicho lake moja zima.

“Na wewe, una meno au umeyauza? Umeambiwa sema.”

“Ni mgongo, shangazi. Nilikatazwa pombe kwa ajili ya mgongo.”

“Mgongo!” Kasimiri aliigeukia dari, kana kwamba huko juu kuna shahidi. “Jamani, mgongo! Tangu asubuhi ile alikuwa ameinama shambani kwangu kama upinde, ameinua matuta kupita vijana wote, halafu ilipofika pombe ndipo mgongo ukakumbuka kuuma.”

Mgongo ulikuwa uongo wake wa siku nyingi, na alikuwa ameuvaa mpaka umemkaa vizuri.

Ukweli ulianza zamani, alipokuwa kijana bado hajaoa, akaumwa matumbwitumbwi. Uvimbe ulianza mashavuni, ukashuka chini, ukamkaa mahali ambapo mwanamume hamwonyeshi mama yake. Alilala chali akiuma blanketi. Akapona, akasahau. Kisha akafunga ndoa na Adela kanisani, ngoma ikapigwa mpaka ng’ombe wa misheni wakaacha kutoa maziwa, na miaka ikaanza kupita, mitupu.

Aliyekunywa dawa alikuwa Adela. Alikunywa mizizi ya Chala, magome ya bondeni Rukwa, na unga mweusi wa mwanamke mmoja wa Kasesya uliomtapisha mpaka akaona nyota mchana. Watu walisema akichuchumaa porini, kesho yake unaota msitu. Alisali rozari mpaka shanga zikapungua unene. Wanawake wa upande wa mumewe walimwita gogo, wakamwita jiko lisiloshika moto, na Wilibrodi aliyasikia yote hayo akiwa amekaa palepale, akichonga mpini wa jembe. Usiku Adela alimpa mgongo, akamwambia ukutani, “Siku ukitaka kuoa mwingine, niambie mapema nikafue nguo zangu.”

Dawa hizo zikiendelea, Wilibrodi alikwenda hospitali mjini, peke yake, akidanganya kwamba anafuata misumari. Daktari alimpa kichupa, akamwelekeza cha kufanya, na Wilibrodi akatamani sakafu ipasuke. Majibu yalikuwa mafupi: mbegu chache, na hizo chache mwendo wake mzito. Huenda ni yale matumbwitumbwi. Aache pombe, aache tumbaku, ale, alale, arudi kupimwa. Mtoto anaweza kupatikana, anaweza asipatikane. Daktari alimwambia pia aje na mkewe wazungumze pamoja. Hilo Wilibrodi aliliacha palepale mlangoni.

Habari ya sindano aliipata kwa Halfani, mwenye duka na lori la mahindi pale mjini. Halfani alimwona amekaa barazani kama gunia lililomwagika, akamuuliza kulikoni.

“Mgongo,” alisema Wilibrodi. Uongo ulizaliwa hapo.

“Aa, mgongo ni kazi ya Mchina,” alisema Halfani. “Kambi ya reli, karibu na Tunduma. Kuna daktari pale anakuchoma visindano havina hata dawa ndani. Mjomba wangu aliingia amebebwa, akatoka anawatania wauguzi. Panda gari tukienda.”

Barabara ya Tunduma mvua za mwaka ule ilikuwa uji. Lori lilizama mahali pamoja kwa muda mrefu hivi kwamba, wasimuliaji wanasema, ndege alijenga juu ya usukani na abiria wawili wakachumbiana. Wilibrodi alifika kambini ametapakaa tope, akaingizwa kwa daktari mmoja mwembamba aliyeitwa Lin. Mkalimani alikuwa Beda, mtu mzima mwenye ndevu, mwenyeji wa Mbozi, aliyejifunza Kichina kwa kubeba mataruma ya reli pamoja na Wachina.

“Mgongo,” alisema Wilibrodi.

Daktari Lin alimshika kifundo cha mkono, akamtazama ulimi, akasema maneno mawili matatu.

“Anasema hujalala vizuri mwaka mzima,” alisema Beda, “na kwamba mgongo hauwafanyi watu waangalie chini hivyo.”

Wilibrodi akatazama mlango. Kisha akayasema yote, haraka, kama mtu anayetema moto. Beda aliyapokea bila kutabasamu, akayapeleka upande wa pili, na Wilibrodi alimheshimu kwa hilo mpaka mwisho.

Kule kijijini baadaye watu walisimulia sindano ndefu kama spoku za baiskeli, zinazoingilia kitovuni na kutokea Zambia. Zilikuwa nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Daktari alichomeka chini ya kitovu, chini ya goti, na ndani ya mguu juu kidogo ya kifundo, kisha akamgeuza akachomeka kiunoni. Hazikuuma. Palikuja uzito, halafu kitu kama siafu wanaotembea kwa adabu, halafu Wilibrodi akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu harusi yake.

Alipoamka aliuliza, “Nitapata mtoto?”

Beda alisikiliza jibu hadi mwisho. “Anasema hauzi watoto. Sindano zinasaidia damu itembee na moyo utulie. Wengine zimewafaa, wengine hazikuwafaa. Ushike kwanza yale ya hospitali, hizi ziwe msaada juu yake. Na uje mara kwa mara, kwa miezi.”

“Na pombe?”

“Hapana.”

“Hata tone?”

Beda aliuliza, akajibiwa. “Hata tone.”

Basi Wilibrodi akalishika neno hilo kwa nguvu zote, kama anavyoshika mpini. Kila lori la Halfani lilipokwenda Tunduma naye alikwenda. Aliacha ugoro. Alilala. Hata kucheka kidogo alianza kucheka, na Adela akawa anamtazama kwa wasiwasi. Tumbo la Adela halikubadilika. Ila kichwani mwake Wilibrodi alikuwa amejenga jambo ambalo daktari hakulisema: kwamba sindano zile bado ziko mwilini hazionekani, zimesimama kazini, na tone moja la pombe litazing’oa zote kwa mpigo.

Ndivyo alivyofika Mwazye kwa baba mkwe, akainua matuta, na jioni akapewa kibuyu. Aliona povu la ulezi. Aliona mdomo wa mama mkwe umelowa. Akaona pia mtoto, mtoto mzima na vidole vyake, akielea kwenye povu lile, tayari kumezwa. Akampa jirani.

“Ulilowesha hata mdomo?” aliuliza Hilaria sasa, pale motoni.

“Nilikatazwa hata tone.”

“Mwanangu, si ungelowesha tu midomo ukafuta na mkono! Nani angekupima? Wanaume wa ukoo huu hata kudanganya hamjui, na mnapoweza kudanganya mnadanganya pasipotakiwa.”

“Nani alikukataza?” Kasimiri aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilipokuwa chini ilitisha zaidi. “Hebu nipeleke taratibu. Mganga gani amekwambia usinywe kwa wakwe zako?”

“Si mganga, baba. Ni daktari. Mchina wa reli. Ananichoma sindano.”

“Wapi?”

Wilibrodi alionyesha tumbo, goti, mguu.

“Nione.”

Akakunja suruali. Mzee aliinama karibu na mwanga wa moto, akatazama, akapapasa kwa kidole. Ngozi ilikuwa laini, haina hata kipele.

“Hakuna kitu hapa.”

“Haziachi alama.”

“Haziachi alama!” Mzee aliinuka. “Hilaria, umesikia? Amechomwa na haionekani, anaumwa na haionekani. Kumbe aliyekwenda kutengenezwa kwa mganga ni yeye, halafu ndoo zinafunikwa kwa mke wangu!”

“Wili,” alisema Hilaria, safari hii polepole, “mgongo hauchomwi chini ya kitovu.”

Moto ulilia. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya baridi inayogandisha hata maneno ya watu, yakidondoka uani yanalia kama vibao. Wilibrodi alijua kwamba akinyamaza, Adela ataondoka leo na baba yake na hatarudi, na Bertilla atazeeka akichota maji peke yake. Akisema, atakuwa gogo yeye. Alijaribu kuwaza namna ya tatu. Haikuja.

“Mimi ndiye nisiyezaa,” alisema.

Akaikunjua suruali aliyokuwa ameikunja.

“Nilipimwa. Hospitali walinipima. Ni mimi, baba, si Adela. Yeye hana kosa, na mama hana kosa. Niliogopa kuharibu dawa, basi. Mwache Adela akae. Daktari anasema labda. Tukivumilia, labda.”

Alidhani mzee atakaa chini. Alidhani atasema, pole mwanangu, au atacheka, hata kicheko angekipokea. Mzee Kasimiri alisimama vilevile, fimbo mkononi, akihesabu kitu usoni mwa mkwewe.

“Umejua lini?”

Wilibrodi akaitazama fimbo.

“Nimekuuliza, umejua lini?”

“Kabla ya mavuno.”

“Kabla ya mavuno yaliyopita,” alisema mzee. “Na mavuno yenyewe binti yangu alikuja kwangu amekonda kama ufito, ametoka Kasesya. Unga ule mweusi. Mama yake alikaa naye akimshika kichwa, anatapika damu, tukamwitia katekista. Ulikuwa umeshajua?”

“Baba…”

“Ulikuwa umeshajua, ukamwacha anywe?”

“Nilitaka kumwambia.”

“Nani alimwambia aende Kasesya?” Mzee alimgeukia Hilaria, na Hilaria, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu abatizwe, akajivuta ndani ya makoti yake. “Nyinyi. Wanawake wa nyumba hii. Gogo, gogo, kila siku gogo. Na huyu amekaa hapo anachonga mpini.”

“Hatukujua, ndugu yangu,” Hilaria alisema. “Haki ya Mungu, hatukujua.”

“Yeye alijua.”

Wilibrodi alishuka chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mikono ile mipana ikiwa wazi mbele yake. “Nitakwenda Mwazye, baba. Nitasimama mbele ya wote waliokuwapo, nitawaambia sababu. Nitakunywa kibuyu kizima wakiniona. Mama watamfunulia ndoo. Lakini Adela usimwambie haya ya hospitali. Nitamwambia mwenyewe. Nipe kesho tu, nitamwambia mimi.”

“Kesho,” alisema Kasimiri. “Binti yangu amelimeza kaburi kijiko kwa kijiko, na wewe unaniomba…”

Mlango ukasukumwa. Adela aliingia na ndoo kichwani, kanga imemganda mabegani, mvua inamchuruzika kwenye kope. Maji ya ndoo hayakutikisika, wala yeye hakuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima. Alikuwa amesimama nje ya mlango ule kwa muda mrefu, akiyasikia yote. Hakumsalimu baba yake. Hakuitua ndoo. Alimtazama mumewe pale chini alipopiga magoti, na mzee Kasimiri, aliyekuwa ameinua fimbo katikati ya neno lake, akaishusha.