Jina la Mama kwenye Ndege ya Bomu

Gundi ya viatu vipya ina harufu inayopanda kichwani na kukaa. Ndiyo iliyokuwa hewa yetu mwaka niliotimiza miaka kumi, katika ghala la Mama nyuma ya Barabara ya Zhanqian, hapa Guangzhou, Uchina, alikokuwa akinunua viatu na nguo za kupeleka kwetu Likasi, Kongo. Joto la Julai lilinata mwilini, mvua ikaja ghafla na kukatika ghafla, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nilipewa kazi niliyoiringia kupita kiasi: kuandika alama kwenye marobota kabla hayajapelekwa bandarini Huangpu. Niliandika MAMA NGOIE, kwa kalamu nene ya wino usiotoka hata kwa maji ya bahari. Ngoie ni mimi. Jina la Mama la ubatizo, Beatrisi, sikuwahi kulitamka. Kwetu mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina, na wateja nao walimjua kwa jina langu tu.

Jirani yetu alikuwa Baba Salma, Mzanzibari muuza midoli, mcheshi, mpenzi wa habari za vita, aliyezijua ndege za zamani kuliko alivyozijua bei zake mwenyewe. Siku moja alinipa sampuli ya ndege ya plastiki, rangi ya fedha, yenye injini nne. "Hii, bibie, ndiyo iliyobeba bomu la atomiki mpaka Hiroshima," akaniambia. "Na rubani wake, kabla ya kuruka, akaandikisha jina la mamake hapa puani. Jina jema hung'ara gizani!" Alinieleza pia juu ya mji ulioteketea asubuhi moja na watu wake kwa maelfu, lakini masikio ya mtoto huchagua. Mimi nilisikia habari za mwana aliyempenda mama yake. Siku ya kuzaliwa ya Mama ilikuwa imekaribia, basi nikachukua kalamu ya marobota nikaandika puani mwa ndege, kwa herufi nilizozipamba: BEATRISI.

Alipoipokea alicheka, akaigeuzageuza, akanibusu. Kisha akauliza, "Ni avion gani hii?" Nikamsimulia yote kwa majivuno. Kicheko kikakatika. Akaketi juu ya robota. "Baba yangu alichimba ile majiwe," akasema. "Kule Shinkolobwe, wakati wa vita. Wazungu walibeba, wakatengeneza ile bomu. Yeye hawakumuambia kitu. Miye nilikuja kujua yeye amekwisha kufa. Futa jina yangu, Ngoie."

Nikasugua kwa mate, kwa sabuni, kwa kanga yake kuukuu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikakimbilia kwa mafundi wa viatu kuomba dawa ya kuyeyushia gundi. Jina likatoka, na pua ya ndege ikayeyuka pamoja nalo. Nililia kwa kwikwi, maana niliamini Mama hatanipenda tena. Kwa wiki nzima nilikuwa nikimtazama usoni kwa wizi wakati wa kula.

Miaka ishirini imepita. Ghala ni langu, Mama amerudi Likasi. Leo simu itampa mtoto yeyote jina la ile ndege kwa kubonyeza mara moja. Waliochimba mawe haiwajui. Mwaka jana nikajikaza, nikamuuliza Mama kama siku ile alinikasirikia. "Weye? Hapana," akajibu. "Nilisikia huruma ya yule mama mwenzangu. Alizaa, akalea, mtoto akaenda kumuandika pale." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa sijamfikiria mama wa yule rubani hata siku moja. Machozi yakanitoka. Nikaelewa pia kwa nini, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama aliniomba jambo moja tu: nimpe jina la babu yangu, yule aliyechimba mawe. Nilimpa. Kwa hiyo kutwa nzima hapa Zhanqian, wateja wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam, hata Wachina wauza viatu wanaolitafuna kwa ulimi wao, wote huniita, "Mama Kyungu!" Nami huitika.