Trekta Lililokunywa Maji ya Pombe

Niliacha shule darasa la nne kule Masasi kwa sababu nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Mwaka huo iliishia Makote, kwa mjomba, siku bwana shamba alipoleta matrekta mawili ili wakulima wachague la kukodi.

Moja lilikuwa dogo, la magurudumu ya mpira. La pili lilikuwa limeachwa Nachingwea baada ya Wazungu kushindwa na mradi wao wa karanga. Lilitembea kwa minyororo na lilikuwa na ukubwa wa kanisa la kijijini. Bwana shamba alituomba tufikirie mchanga wetu na mikorosho yetu iliyobanana.

Mjomba, mwenye ekari tatu, akanyoosha mkono. "Lipi linanguruma zaidi?"

"Hilo kubwa, mzee."

"Niletee hilo."

Msimu uliotangulia alichelewa kupanda, ghala likaisha mapema. Safari hii ilibidi mahindi yawe ardhini mvua ya kwanza ikinyesha. Kwetu shamba kubwa hulimwa kwa pombe: unapika, majirani wanakuja na majembe, jioni mtungi umekwisha na shamba limekwisha. Mke wa mjomba alikuwa ameshashuka bondeni siku sita, akipanda na maji kichwani, mpaka pipa la kupikia pombe likajaa.

Trekta lililima mistari minne, likang'oa mkorosho, likaanza kufuka mvuke.

"Maji kidogo tu, mama," dereva akaomba.

Likanywa ndoo. Likanywa nyingine.

"Baba watoto, hata mkwe hanywi hivi! Hayo ni maji ya pombe."

"Pombe ya nini? Mambo ya majembe yamekwisha."

Ndoo nilizibeba mimi, maana nilitaka kuona maji yanaingilia wapi. Jioni pipa lilikuwa tupu, na trekta limekufa katikati ya shamba. Dereva akaenda Newala kutafuta kipuri. Keshoye mvua ikanyesha.

Majirani walipita na majembe begani. "Shikamoo, mzee! Mashine haijambo?"

"Marahaba. Inapumzika."

"Basi usiiamshe. Sisi tunakwenda kwa jirani yako, kuna pombe."

Vicheko vyao tulivisikia hadi walipopotelea kwenye mikorosho. Mke wa mjomba alitoka na majembe matatu, akatupa mawili miguuni petu, akaanza kulima bila kutungoja.

Tulilima tukilizunguka trekta wiki tatu. Tulipomaliza kupanda, mahindi ya jirani yalifika magotini. Mvua ilipokatika, yetu yalikauka kabla ya kubeba, na mwaka ule tulikula mihogo asubuhi na jioni, mjomba akisifu ladha yake.