Tahadhari Aliyoitunga Mama Ali

Yasmina Sadiki ana miaka thelathini na nane na mtoto mmoja, Ali. Kwa miaka miwili alibaki katika kazi aliyoichukia kwa sababu moja tu: alitaka Bonaventure, mkuu wake, aandike neno lake. Kusema hakukumtosha. Akisema alishamsikia.

Kampuni ya Hajji Waziri ina boti tatu za mizigo zinazotoka Baraka kwenda Mboko na Uvira. Bonaventure alikuwa mkuu wa safari, na hakuna boti iliyotoka bila ruhusa yake. Siku nne za wiki alikaa katika ofisi ya Fizi, juu milimani, karibu na wakubwa wa serikali na mihuri yao. Siku zilizobaki alishuka ziwani, Baraka. Yasmina alikuwa mtu wa foni, ile redio ya mawasiliano inayokoroma kutwa nzima kati ya vituo vya pwani. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba mtu wa foni haongei na makapiteni. Habari hupita kwa mkuu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba kituo cha Mboko kilimwambia kwamba upepo umevuruga maji na mitumbwi inarudi nchi kavu. Alivua vifaa vya masikioni, akavuka ua, akamweleza Bonaventure aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Baraka.

“Mama Ali,” Bonaventure alijibu, “weye unajua kupika ugali. Mawimbi utuachie siye.” Akaipigia muhuri ruhusa ya boti iliyokuwa ikingoja.

Kapiteni wa boti ile alikuwa Sadiki, mume wa Yasmina. Ilipinduka mbele ya Swima. Mabaharia wanne walifika ufukoni wakiwa wameshikilia madumu. Sadiki alipatikana siku ya tatu. Katika kikao cha kampuni Bonaventure alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema: “Hakuna muntu aliniambia. Foni ilinyamaza.” Maneno ya mlangoni hayana alama. Kabla Yasmina hajamaliza eda, Baraka nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba mke alisinzia kwenye foni na mume akafa. Aliporudi kazini alikuta foni imepewa mtu mwingine. Yeye alipewa kalamu ya wino mzito ili aandike majina ya wenye mali juu ya magunia.

Aliandika, wala hakulalamika. Wanawake sokoni waliponyamaza akipita, aliwasalimu mmoja mmoja, kwa majina.

Mwaka huu Hajji aliwaingiza wafanyakazi wote katika programu ya mazungumzo ya kazini, ya kwenye simu. Humo kila ujumbe una saa yake, na chini yake yanaonekana majina ya waliousoma. Yasmina ndiye aliyefungua kundi na kuandikisha watu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka usumbufu huo. Jioni ya kwanza alikaa kitako akiyatazama majina yale madogo chini ya ujumbe, Bonaventure akiwa wa pili. Siku ile ndipo alipoacha kungoja na kuanza kupanga.

Programu ile ina sehemu ya kutunga tahadhari. Haitaki fundi wala lugha ya kompyuta. Unavuta visanduku kwa kidole na kuvipanga kama mtu anayepanga matofali: kisanduku cha kwanza kinachukua utabiri wa hewa wa mahali ulipochagua, cha pili kinasema *kama upepo ukizidi kiasi hiki*, cha tatu kinasema *basi peleka ujumbe huu kwa watu hawa*. Yasmina alimweleza Hajji. Hajji alipenda. Bonaventure, kusikia hivyo, akasema jambo la usalama ni la mkuu, akaitunga tahadhari mwenyewe akiwa kitini Fizi. Simu ilipomuuliza ni mahali gani papimwe, alibonyeza *hapa nilipo*.

Kwa wiki tatu kundi likapokea hali ya hewa ya milimani. Ziwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu, simu inalia: mvua kubwa, upepo. Mabaharia wakacheka mpaka wakachoka, na Bonaventure, aliyekuwa wa kwanza kujisifu, akawa wa kwanza kudharau. “Ule mashini haijue ziwa,” aliandika. “Musiifwate.”

Yasmina alijua kosa tangu siku ya pili. Alinyamaza wiki zile tatu ili dharau ikomae. Kisha, Alhamisi moja, akaihamisha alama kutoka Fizi hadi majini kati ya Baraka na Swima, akaandika katika kundi: “Nimebadilisha mahali. Kuanzia leo tahadhari ni ya ziwa, si ya mulima.” Bonaventure akaweka kidole gumba. Hakusoma hata nusu yake, lakini kidole kilibaki pale na saa yake.

Akaongeza na kisanduku cha nne: majina ya wake wa mabaharia, ili tahadhari ifike pia kwenye simu zao. Katika boti za Hajji, baharia hapandi bila chungu cha nyumbani. Mke, mama au dada hukileta ufukoni kwa mkono wake, na boti husubiri hadi chungu cha mwisho kifike.

Jumanne iliyofuata, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi, simu zililia. Upepo wa kilomita arobaini na nne kwa saa, Baraka hadi Swima, kuanzia saa nne. Jibu la Bonaventure lilikuja saa mbili na dakika kumi na mbili: “Hiyo ni ya Fizi. Mi niko Fizi, jua inawaka. Boti itoke saa tatu na nusu. Ni mi Bonaventure nimesema.”

Yasmina aliusoma mara tatu, amesimama kati ya magunia. Sasa alikuwa na maandishi ya Bonaventure mwenyewe, yenye jina na saa. Akafikiri pia jambo ambalo baadaye hakulificha: kwamba kama boti ingetoka na kuzama, Bonaventure angelala gerezani. Alilipima wazo hilo kama anavyopima gunia, akaliweka chini. Kapiteni wa siku ile alikuwa Guy, na mke wake Georgette alikuwa akishuka ufukoni, mikono mitupu.

“Georgette, chungu iko wapi?” Guy aliita kutoka kwenye boti.

“Iko ku moto.”

“Moto gani tangu asubuhi?”

“Ya kupikia mwanaume mwenye kurudia. Ule wa kuzama anakula samaki huko huko.”

Mabaharia wakacheka, wakarukia mchangani. Chungu hata kimoja hakikufika. Saa nne na robo ziwa lilikuwa jeupe, na mawimbi yakawa yanaipiga boti ile tupu kamba ikilia.

Bonaventure alifika kwa pikipiki karibu saa tano, vumbi la Fizi hadi kwenye kope. Alimkuta Hajji Waziri amesimama mbele ya maji, simu mkononi.

“Uliamuru itoke?” Hajji aliuliza.

“Hajji, hakuna muntu alini—” Akaiona ile simu, akakatiza maneno.

“Maliza, shefu,” Yasmina alisema. “Ile ya kwanza ulimaliza vizuri.”

Bonaventure alimvuta kando, lakini si mbali, wanawake walisikia. Katika programu ile aliyeandika hawezi kufuta ujumbe wake; anayeweza ni mwenye kundi pekee, yaani Yasmina aliyelifungua.

“Mama Ali, dada yangu, futa ile mesaji. Hajji atanifukuza. Niko na batoto sita.”

“Sema mbele ya batu nilikuja ku mulango ile siku.”

Bonaventure aliwageukia wanawake. Kisha akasema, akitazama viatu vyake, lakini kwa sauti iliyofika: “Alikuja. Aliniambia upepo. Nilimucheka.”

Georgette alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja akaanza kulia.

“Basi, futa,” Bonaventure alinong'ona.

“Nilikuambia useme,” Yasmina alijibu. “Nilisema wapi kama nitafuta?” Akatia simu ndani ya kitenge.

Hajji alimwachisha Bonaventure kazi wiki ileile. Yasmina amerudi kwenye foni, na tahadhari ziko mikononi mwake. Lakini jina la Bonaventure hajalitoa kwenye kundi. Mwenyewe anaweza kutoka, kwa kubonyeza mara mbili. Ila programu ingewatangazia wote kwamba ameondoka, na tangazo hilo Bonaventure hawezi kulibeba. Mwezi uliopita alimtuma mke wake, Gentille, kuomba atolewe kimyakimya.

“Kila upepo ukikuja, simu inalia, anaacha kula,” Gentille alisema. “Umuhurumie, Mama Ali. Amekonda.”

Yasmina alimkaribisha chai, akamwongezea sukari, akamuuliza habari za watoto wote sita. Kisha akamsindikiza hadi barabarani, na jina la mumewe likabaki palepale kwenye kundi.

Ijumaa moja tahadhari ilitoka tena alfajiri, naye Yasmina akafungua orodha ya waliosoma. Bonaventure alikuwa wa kwanza.