Ng'ombe wa Mama Kwenye Simu ya Baba Mdogo

Kijijini kwetu Buswahili ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. Unaweza kumuuliza mtu kama ng'ombe wake hawajambo, kama wamepata majani, kama yule mwenye pembe moja bado mkorofi. Ukimuuliza wako wangapi, atakutazama kama umemuuliza atakufa lini. Nikiwa mdogo nilisimama zizini nikaanza kunyoosha kidole, huyu mmoja, huyu wa pili, na mama akanizaba kofi. Hakunieleza sababu, na mimi sikuuliza.

Leo kazi yangu mjini Musoma ni kuhesabu ng'ombe wa watu. Ofisi yetu iko Mwisenge, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mabwana mifugo wakienda vijijini kuchanja, wanamvalisha kila ng'ombe hereni yenye namba, wanauliza mwenye mali ni nani, wanaingiza kwenye kishikwambi. Taarifa zinakuja kwetu, programu tuliyouziwa na kampuni moja ya mbali inazichambua, na mimi naangalia kama zimekaa sawa. Humo ndimo nilimokuta ng'ombe wa mama.

Baba alipofariki, mama alijua kitakachofuata. Shemeji wengine huja msibani na macho mawili, moja la kulilia na jingine la kuangalia zizi. Mama alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, aliowanunua kwa pamba aliyoipalilia kwa mgongo wake, na hakutaka wachanganywe na wa ukoo. Akawapeleka kwa rafiki yake wa Kisorya, aliyeimba naye kwaya tangu usichana. Sisi watoto tulimwita Mama wa Kisorya. Ni desturi ya zamani. Ng'ombe wako analala kwa mwenzio, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na wote wawili mnanyamaza. Ila kuna sharti: ukiulizwa ana kwa ana, humkani mwenye ng'ombe. Anayekana ng'ombe wa amana kwetu ni mwizi, tena mbaya kuliko yule anayevunja zizi.

Kwa hiyo bwana mifugo alipofika Kisorya na kuuliza hawa ni wa nani, Mama wa Kisorya hakusita. Alitaja jina la mama, kijiji chake na namba yake ya simu. Mtu wa kwingine angesema ni wangu na mambo yangeishia hapo.

Sikushtuka nilipoliona jina lile. Taarifa ziko kwetu, nilijiambia, na sisi ni watu wazima. Nilishtuka siku nilipokuwa natafuta kwa nini ripoti moja haifunguki. Kila programu ya aina hii ina mahali ambapo programu nyingine huiomba taarifa. Mafundi wanapaita API. Mimi napaona kama dirisha la duka la mtaani: mwuzaji yuko ndani, wewe uko nje ya nondo, unaomba, unapewa. Ila mwuzaji mwenye akili humtazama anayeomba. Dirisha letu halikumtazama mtu. Halikuuliza nywila wala jina. Nilibadilisha namba mwishoni mwa anwani, akatokea mfugaji nisiyemjua, na simu yake, na idadi ya ng'ombe wake, na mahali wanapolala. Nikaweka namba ya mama. Mama naye akatokea, na Kisorya yake.

Nikamwendea mkuu wangu. "Mkuu, dirisha liko wazi. Mtu yeyote anachota."

"Mtu gani?" akacheka. Ni mtu wa Bunda, mkarimu, mwenye tumbo la kuheshimika. "Hawa wafugaji wetu? Wengine hata meseji wanasomewaga."

Kampuni nayo ikajibu kwamba anwani ile haijatangazwa popote, kwa hiyo hakuna hatari. Nilikasirika. Mtu anajenga nyumba bila mlango, halafu anajitetea kwamba hajamwambia mtu anakoishi!

Hawakukawia kuumbuka. Fundi mmoja wa programu, ambaye mpaka leo simjui, alikuwa amelikuta lile dirisha na kutengenezea madalali wa mnada kitu cha kwenye simu: unaandika jina au kijiji, unaonyeshwa nani ana ng'ombe na wako wapi. Hakuvunja kitu. Aliomba, akapewa. Na baba yangu mdogo, ambaye mnada wa Bunda haumpiti, aliandika jina la ukoo wetu ili awaone wenzake. Akamwona mama.

Alikuja Buswahili Jumapili, mama ndiyo kwanza ametoka kanisani, na mimi nikiwepo. Alikataa kiti.

"Shemeji, kumbe wewe ni tajiri," alisema, na simu mkononi akaanza kusoma. Madume, majike, mitamba, ndama, kila kundi na hesabu yake, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo.

Mama aliziba masikio. "Nyamaza, shemeji! Unaniulia ng'ombe zangu."

"Zako? Zimetoka wapi, kama siyo kwa marehemu kaka?"

"Kwa pamba yangu. Ulikuwaga wapi mimi nikiivuna?"

"Hayo utawaambia wazee," akasema, akaondoka.

Mama akanigeukia. "Ndiyo mambo mnayofanyaga huko ofisini?" Mimi ni mtu wa kujibu, wanaonifahamu watawaambia. Siku ile nilichukua kile kiti alichokikataa baba mdogo, nikakirudisha ndani.

Wazee walikaa. Mama wa Kisorya alisafiri akaja, akasimama na kueleza jinsi mama alivyokuwa akinunua ng'ombe kila baada ya mavuno. Wazee wakakubali kwamba mali ni ya mama. Kisha wakasema, kwa ajili ya amani, baba mdogo asirudi mikono mitupu. Akachagua mtamba mwekundu, mjukuu wa ng'ombe wa kwanza ambaye mama alimnunua maishani mwake. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka wakapotea njiani. Amani ya ukoo ni kitu kizuri, lakini sijawahi kuona wanaume wakiilipia.

Niliporudi kazini sikubishana tena na mkuu. Niliweka kompyuta mezani kwake, nikabadilisha namba mpaka akatokea yeye. Wakaonekana ng'ombe wake wa Bunda, ambao mkewe huwa anatusimulia, na wengine wa Butiama, ambao mkewe hajawahi kuwataja.

"Zima," akasema. "Zima hiyo kitu!"

Alipiga simu kwa kampuni mwenyewe, na nadhani hata wanunuzi wa misumari kule chini walimsikia. Kabla wiki haijaisha dirisha lilikuwa na mlinzi: kila programu inayoomba inaonyesha ufunguo wake, kila mtu anaona cha kwake tu, na anayeomba anaacha alama. Kile kitu cha madalali kikazimika. Nikampigia mama kwa furaha kumwambia tumefunga.

"Na kilichokwisha kutoka?" akauliza.

Chanjo ilipozunguka tena, mama alitangulia kwenda Kisorya. Alimwomba rafiki yake akiulizwa aseme, "Ni wangu." Mama wa Kisorya alikataa, wakalia wote wawili, mama akazidi kumsihi. Bwana mifugo alipofika, Mama wa Kisorya alimpa jibu alilofundishwa na mama.

Taarifa ilinifikia mezani, ikiwa salama kabisa, imepita kila kufuli tulilolipigania. Kwenye jina la mama palikuwa pameandikwa: ng'ombe, hakuna. Chini yake programu ilikuwa inaningoja nichague kukubali au kukataa. Nilikuwa bado naitazama taarifa ile, simu ilipoita.

"Mwanangu, umeona nilichosema?" Alikuwa Mama wa Kisorya.

"Nimeona, mama."

"Nimemwibia mama yako," akasema. Nikamsikia analia, na nyuma yake ng'ombe wetu wakilia wanywe maji.

Nikabonyeza kukubali.