Jina la Saleha Ubaoni

Imakulata alihamia shuleni kwetu Makorora akiwa darasa la nne, na hapakuwa na msemaji kumzidi. Baba yake, Wilfred, alikuwa ameacha kazi ya kukata mkonge akaja mjini kuwa mlinzi, na mtoto akaja na kicheko cha kule mashambani, kicheko cha sauti kubwa. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa darasa mpaka alipomaliza la saba. Ninayoyasimulia hapa sijivunii hata kidogo.

Darasa lilikuwa na watoto tisini na sita. Kila nilipotoka nilimwachia kiranja chaki, aandike ubaoni majina ya wapiga kelele, na anayerudia aongezewe "kazidi" mbele ya jina. Viranja wangu wote walikuwa wala rushwa wadogo. Ukiwapa kipande cha muhogo wa kukaanga, jina linafutika. Walipofika la sita nikamjaribu Imakulata. Niliporudi nilikuta majina manne, la kwanza lake mwenyewe: Imakulata, kazidi. Nilicheka mpaka machozi. Kesho yake nikamsifu mstarini mbele ya shule nzima.

Tangu hapo kile kicheko sikukisikia tena. Alijifunza kunyamaza, akajifunza kuhesabu wanaosema. Watoto nao wakajifunza kunyamaza akiwakaribia, hata uwanjani wakati wa mapumziko, ambako hakuandika mtu. Aliyebaki naye ni Saleha tu, jirani yake wa dawati, binti mwenye masihara aliyekuwa akimwita Bi Ubao na kumgawia bajia zake. Mama yake alikuwepo, lakini Saleha alilelewa na bibi yake tangu akinyonya, na kila hadithi yake ilianzia kwa bibi.

Siku moja walipokuwa darasa la saba nikaitwa kikaoni. Huku nyuma mdogo wake Saleha akaja dirishani, akamwambia bibi amefariki, gari linaondoka kwenda kumzika kwao Pangani, aje upesi. Saleha akasimama, akamjibu kwa sauti, akaanza kulia. Imakulata akaandika jina lake. Na sheria yangu ilikuwa kwamba aliyeandikwa hatoki mpaka nirudi.

"Nifute, Ima," Saleha akamwomba. "Bibi yangu kafa."

"Nikikufuta wewe, itabidi niwafute wote."

Hayo nilisimuliwa baadaye na waliokaa karibu. Mimi nilirudi saa nzima imepita, nimeudhiwa na mambo ya kikao, nikakuta majina sita, nikawapigisha magoti wote bila kuuliza. Saleha aliponyoosha mkono nilimwambia kila mwenye jina ubaoni hakosi kisa. Alipofika nyumbani gari lilikuwa limeshapita Kigombe. Uso wa bibi yake hakuuona tena.

Hakunishtaki, wala hakugombana na mtu. Aliporudi baada ya siku tatu alichukua begi lake akahamia nyuma, wakabanana watano. Imakulata akabaki peke yake kwenye dawati la watu watatu, katika darasa ambalo wengine walikaa sakafuni. Nilimwamuru mtoto mmoja akakae naye. Alikaa siku mbili, ya tatu nikamkuta kashuka chini. Kwa hiyo miezi yote iliyobaki nilifundisha huku nikiliangalia lile dawati, na moyo ukiniuma, na Imakulata akiniletea madaftari ya wenzake yamepangwa vizuri.

Alifaulu. Januari hii akachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni huko milimani. Siku mbili kabla ya safari alikuja kwangu, akaniamkia, akaomba nimpeleke kwa akina Saleha. Alisema hawezi kuondoka hawajaongea, kwa sababu hana mtu mwingine wa kumuaga. Nilikubali haraka. Nilidhani nakwenda kumtetea, maana kosa kubwa lilikuwa langu.

Mama yake Saleha alitukaribisha mkekani. "Karibu, Mwalimu Devota," akasema, akaenda kuteleka chai. Saleha akaja, akanipa shikamoo, akakaa mbali kidogo. Nikaanza hotuba yangu: kwamba kiranja hufuata amri, kwamba niliyekataa kusikiliza ni mimi, na kwamba pengine Imakulata hakusikia vizuri yaliyosemwa pale dirishani. Imakulata akanigusa mkono.

"Mwalimu, usinisemee." Akamgeukia mwenzake. "Nilisikia, Saleha. Nilisikia bibi amefariki, na bado nikaandika."

"Najua ulisikia," Saleha akasema, macho kwenye mkeka. "Ningekuwa kiranja mimi, ningekufuta."

"Najua. Ndiyo maana hukuchaguliwa."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama anajibu swali darasani, naye alijua jibu ni sahihi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika miaka ishirini ya kazi hii. Aliyechagua ni mimi. Darasa lile lilijaa watoto waliojua lini jina lifutwe, nami nikamtafuta mmoja ambaye angeweza kufundishwa asijue, nikampigia makofi.

Saleha akanyoosha ukingo wa mkeka. Kisha akasema amekwishamsamehe, kwa sababu bibi yake hakupenda watu wawekeane kinyongo. Akamtakia safari njema. Tukanywa chai ya mama yake, tukaaga.

Kwetu huku mgeni husindikizwa mpaka njia kubwa, hata kama alikuja kuazima chumvi. Imakulata akasimama barazani, uso kwa mlango. Aliniambia tungoje kidogo, Saleha ameingia kuchukua mtandio. Tukangoja. Wapita njia wakatusalimia, tukawaitikia. Ndani tulimsikia Saleha akianza kuosha vikombe.